Uji Ule Haukuwa wa Mzazi

Mume wangu, Hamdan bin Thani, Mungu amrehemu, hakufukuzwa kazi. Wala hakuwa na mke wa siri. Na yule mwanamke aliyelala katika chumba chetu cha wageni, mtaani Mabela, Maskati, hakuwa mzazi. Hakujifungua mtoto, na mtoto huyo ambaye watu wanasema amechukua masikio ya Hamdan hayupo duniani. Maneno haya niliyasikia katika azaa, matanga ya Hamdan mwenyewe, nimekaa kwenye zulia, na wanawake wawili nyuma yangu wakidhani kwamba mfiwa hasikii. Sikuwajibu siku ile. Nyumba yetu haina desturi ya kujibizana mbele ya kahawa ya msiba. Lakini sasa eda imekwisha, na mimi nimesomesha mabinti wa Maskati umri wangu wote. Ninajua kwamba kosa lisiposahihishwa huandikwa tena mwaka unaofuata, kwa hati nzuri zaidi.

Hamdan alizaliwa Unguja, Mkunazini, akaja Maskati akiwa kijana mdogo pamoja na mama yake na cherehani ya mkono. Mama akishona kanzu za watu, yeye akisoma jioni. Kiarabu alichokuja nacho kilikuwa cha chuo cha Kurani tu, kwa hiyo sokoni wenzake walimcheka, maana aliomba kilo ya nyanya kwa lugha ya khutba ya Ijumaa. Alijifunza. Akapata kazi kwa Bwana Nasr, mtu wa kwetu huko huko Unguja, ambaye alikuwa amefungua duka la vigae na mabomba Wadi Kabir. Duka likawa ghala, ghala likawa kampuni, na Hamdan akapanda nayo, kutoka karani wa mapokezi hadi mkuu wa utumishi. Hakufanya kazi pengine maishani mwake.

Alikuwa mtu wa kunyoosha vitu. Akiingia nyumba ya mtu akaona picha imelala upande, atainyoosha kabla ya kusalimia. Hakuwa mzungumzaji, ila siku ya Ijumaa alipokwenda Yiti kununua samaki. Hapo alirudi na maneno mengi na nguru mmoja, akaapa kwamba ametoka majini sasa hivi. Mara moja nilimwonesha vipande vya barafu ndani ya mashavu ya samaki. Akaniambia bahari ya Yiti ni baridi.

Sasa nieleze mfuko wa matibabu, kwa sababu fitina yote imeota hapo.

Bwana Nasr hakutaka bima. Alisema hawezi kumlipa mtu baki kila mwezi kwa ugonjwa ambao haujaja. Akaamua kampuni itibu watu wake yenyewe: fedha ziwekwe kando, mfanyakazi mwenye kadi akiugua aende hospitali ya binafsi iliyokubaliwa, na hospitali iidai kampuni. Akamwambia Hamdan aandike kanuni. Jamaa wa Bwana Nasr wakapendekeza kadi zitolewe kwa mameneja na familia zao, basi, wengine waangaliwe kwa hisani. Hamdan alikataa.

"Bima ya nje ina macho ya nje," aliniambia siku zile. "Huu ni mfuko wetu, na hakuna wa kututazama. Tukijiandikia tunavyopenda, utakuwa mfuko wa wenye viti vya kuzunguka."

Kwa hiyo akaandika hivi: kila mfanyakazi, mshahara wake uwe mkubwa au mdogo, akitimiza miaka mitatu mfululizo kazini apewe kadi, na matibabu yawe yale yale kwa wote. Miaka mitatu aliiweka kwa sababu vijana wengi walikuwa wakija kujaribu na kuondoka. Bwana Nasr akakubali. Hamdan alijivunia kanuni ile kuliko alivyojivunia cheo chake. Alikuwa akisema katika kampuni yao dereva na meneja wanakalia benchi moja hospitalini. Mimi nilimwamini, na yeye alijiamini, kwa sababu kanuni ilikuwa haina jina la mtu wala kabila wala daraja.

Bwana Nasr alipofariki, kampuni ilikwenda kwa mwanawe, Ghaith. Hamdan alimpakata Ghaith akiwa mtoto, na Ghaith hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Alimwita Ami Hamdan, hata mbele ya wageni.

Ghorofa ya juu, katika jiko dogo la ofisi, alikuwapo Muhsina, mama wa Wete, Pemba, aliyeachwa na mumewe akaja Omani kutafuta riziki. Yeye ndiye aliyekuwa akipika chai na kahawa ya ofisi nzima. Chai yake ilikuwa na mdalasini na ujeuri. "Leo kijiko kimoja, bwana," alikuwa akimwambia Hamdan, na kopo la sukari keshaliondoa. "Moyo wako si mali ya kampuni." Hamdan alikuwa na maradhi ya moyo na anameza dawa, na Muhsina alilijua hilo, kama alivyojua mambo ya kila mtu pale juu.

Mwaka mmoja Muhsina alianza kutokwa na damu. Alificha, kama wanavyoficha wanawake, mpaka miguu ikawa haimbebi. Daktari akamwambia ana uvimbe katika kizazi, lazima apasuliwe, na asichelewe. Fedha za upasuaji hakuwa nazo. Akaenda kwa Hamdan kuomba kadi.

Jioni ile, baada ya Magharibi, tulikuwa tukila. Hamdan akamega mkate akasema, "Leo nimemkatalia Muhsina."

"Muhsina yupi?"

"Wa chai. Anataka kadi ya matibabu, na hajatimiza miaka."

"Hajatimiza nini? Si ndiye aliyekuja kutusaidia sambusa harusi ya Manal, akagombana na mpishi?" Manal ni binti yetu.

"Ndiye."

"Manal mwanawe yuko darasa la tatu, Hamdan."

"Mkataba wake ni wa mwaka jana."

"Mkataba ni wa mwaka jana. Na yeye mwenyewe ni wa mwaka gani?"

Aliurudisha mkate sahanini. Nikamwona anakwenda mbali kwa macho, kama mtu anayepita ghalani akitazama sura moja moja.

Mambo yalikuwa hivi. Wafanyakazi kutoka nje, wa ghalani, madereva, wa usafi, Muhsina mwenyewe, mikataba yao ilikuwa ya miaka miwili. Ikiisha, wanakwenda kwao kupumzika, kisha wanarudi kwa mkataba mpya na viza mpya, na kampuni inawahesabu kama watu waliofika siku hiyo. Kampuni nyingi za mtaa ule zilihesabu hivyo, wala haikuwa hila. Ilikuwa mazoea tu. Lakini mtu anayerudishwa mwanzo kila baada ya miaka miwili hatimizi mitatu hata akizeekea pale. Sisi wenyeji, na mameneja ambao mikataba yao ilikuwa haina kikomo, tulitimiza bila hata kujua kwamba tunahesabiwa.

"Nimejenga mlango," alisema mwishowe, "nikauweka juu ukutani."

Sikumpa pole. Nilimwambia ale, kwa sababu dawa zake hazimezwi bila chakula.

Asubuhi yake aliingia kwa Ghaith. Mazungumzo yao ninayajua kutoka kwa Hamdan, na baadaye Ghaith mwenyewe alinisimulia yale yale, tena akicheka, kwa hiyo sioni haya kuyaandika.

"Kanuni hii si umeiandika wewe, Ami?" Ghaith alimwuliza.

"Mimi. Ndiyo maana najua palipooza."

"Lakini ni moja kwa wote. Hata mimi baba alinitaka ningoje miaka mitatu."

"Wewe ulingoja ikafika. Wao kila wakikaribia wanarudishwa nyuma. Hebu kasimame ngazini adhuhuri, watu wakienda kusali. Wanaoteremka kutoka juu wote wana kadi. Wanaotoka ghalani hana hata mmoja. Kanuni haikutaja juu wala ghala, na bado imewatenga kama mtu aliyesimama na fimbo."

Ghaith si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaotaka nimseme. Alifikiri, kisha akasema, "Basi huyu mama nitamtibu mimi, kwa zaka yangu. Kimya kimya. Umeridhika?"

"Zaka mpe maskini, mwanangu. Huyu ni mfanyakazi."

"Akipona, tofauti iko wapi?"

"Akipona kwa zaka yako, atakushukuru wewe, na kesho dereva akiumwa atakuja kukulilia mlangoni. Akipona kwa kadi, atamshukuru Mungu na kurudi kazini."

"Ami, wewe unataka niwafungulie ghala zima kwa ajili ya mtu mmoja."

"Ghala zima lilifunguliwa na baba yako. Mimi nimelifunga kwa kutojua. Wewe sasa unajua."

Hapo Ghaith akachoka. Akasema kampuni itamkatia Muhsina tiketi, akatibiwe kwao, na jambo hilo lisirudiwe. Hamdan akatoa kadi yake mwenyewe mfukoni, akaiweka juu ya meza. "Basi na mimi nihesabu kuanzia leo," akasema, akatoka.

Aliponiambia, nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia, "Moyo ni wako, lakini mume ni wangu." Akacheka. Yeye ni mwenyeji, hospitali ya serikali ipo, akaenda huko kuchukua dawa zake, akingoja zamu na gazeti mkononi kama watu wengine. Kwa hiyo yasisemwe pia kwamba alijinyima dawa akafa. Nimelisikia na hilo.

Lakini Muhsina tiketi yake ilikuwa inatafutwa, na yeye alikuwa anazidi kudhoofika. Kwao Wete alikuwa hana mtu wa kumsimamia wala fedha za kuvuka bahari kwenda kwenye hospitali kubwa. Hamdan alijua kwamba akipanda ndege katika hali hiyo, huenda chai ya Muhsina isinywewe tena na mtu yeyote. Alirudi kwa Ghaith tena, na akajibiwa vile vile.

Siku moja walikuja wageni wakubwa, wajenzi kutoka Sohar, kutazama vigae vya jengo zima. Ghaith alikuwa nao katika majlisi ya ofisi, akingoja kahawa. Hamdan akapita jikoni, akamkuta Muhsina ameegemea friji, dele la kahawa mkononi, midomo haina rangi.

"Kaa," alimwambia.

"Wageni, bwana."

"Kaa, nimesema. Wageni nitawaona mimi."

Akachukua dele kwa mkono wa kulia na vikombe kwa mkono wa kushoto. Inavyotakiwa ni kinyume chake. Akaingia majlisi na kofia yake imenyooka, mkuu wa utumishi, ndevu nyeupe, akaanza kumimina. Mgeni aliyekuwa mkubwa wao, mzee wa umri wake, aliinuka kwenye kochi.

"Astaghfirullah! Ghaith, huyu si mzee wenu? Ndiye anayetutilia kahawa?"

Hamdan akampa kikombe akasema, "Kunywa, ndugu yangu. Leo zamu yangu."

Mgeni alikunywa amesimama. Wenzake wakasimama naye. Biashara ya vigae ikafanywa watu wote wamesimama, na Ghaith, kwa maneno yake mwenyewe, alitamani sakafu ipasuke pamoja na sampuli zake.

Wageni walipoondoka akamfuata Hamdan mpaka jikoni. "Ami, umenitia aibu mbele ya watu."

"Mwenye kazi hii anatokwa na damu," Hamdan akasema, akimwonesha Muhsina aliyekaa juu ya katoni ya maji. "Kanuni haimtambui. Mimi inanitambua, nikaona nishike mimi."

"Si ungeniambia?"

"Nimekwambia. Tena na tena."

Muhsina, mgonjwa vile, akasema, "Bwana Ghaith, mimi nende Wete tu, lakini msimwachie huyu mzee kahawa. Mtafilisika."

Ghaith akacheka bila kutaka. Akatazama huku na huku, mtu aliyekulia Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa matajiri, na pengine hajawahi kukaa katika jiko lile dogo lisilo na dirisha. Mwishowe akauliza, "Tukihesabu tangu siku ya kwanza mtu alipoingia kampuni, wa ghalani ni wote?"

"Karibu wote."

"Mungu atusaidie."

"Atatusaidia. Na bei ya vigae imepanda."

Ndivyo kanuni ilivyobadilika: miaka ya mtu inahesabiwa tangu alipoingia mara ya kwanza, na mkataba kuisha au viza kufanywa upya hakufuti kitu. Hamdan akarudishiwa kadi yake. Muhsina akapata yake, akapasuliwa juma lile lile, na uvimbe ukatolewa. Hakuna aliyefukuzwa. Hamdan aliendelea na kazi mpaka umri wa kustaafu ulipofika mwaka uliofuata, wakamfanyia chakula, na Ghaith akalia mbele ya watu. Mwaka jana Ghaith huyo huyo alibeba jeneza lake.

Sasa uji.

Muhsina alipotoka hospitalini alikuwa arudi makazi ya wafanyakazi, ambako kitanda chake kilikuwa cha juu, cha kupanda kwa ngazi. Mwanamke aliyeshonwa tumbo hapandi ngazi. Mimi ndiye niliyesema aje kwangu. Hamdan hakuniomba, na hakuwapo nilipoamua. Nilimlaza chumba cha wageni, nikamfunga mkaja tumboni kama mama yangu alivyonifunga mimi nilipomzaa Manal, kwa sababu tumbo lililoshonwa linataka kushikwa. Nikampikia uji wa pilipili manga kila siku, kwa sababu huo ndio uji ninaoujua kwa mwanamke aliyepoteza damu. Hamdan alihamia majlisi, na kila alipopita ukumbini alikohoa kutoka mlangoni mpaka mwisho, mpaka Muhsina akasema huyu bwana naye atafutiwe daktari.

Akaja jirani. Ni mtu wa kwetu, wa Unguja. Angekuwa jirani wa pengine, angesikia harufu ya pilipili tu, akaenda zake. Lakini huyu alisimama ukumbini na sahani yake ya visheti, pua juu.

"Mmh! Uji wa pilipili manga! Nani kazaa?"

"Hakuna. Nna mgonjwa."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. "Na mkaja juu!"

"Tumbo linamsumbua."

"Tumbo." Akalitamka kama mtu anayeonja pishi la mwenzake. "Na Bwana Hamdan, hajambo? Furaha?"

"Bwana Hamdan yuko kazini. Ahsante kwa visheti."

Ningeweza kumwambia neno moja likaisha. Sikuweza, kwa sababu Muhsina alikuwa ameniapisha. Alikuwa bado ana tamaa ya kuolewa tena, na alijua mwanamke aliyetajwa kwa maradhi ya kizazi anatazamwa vipi. Kwa hiyo kabla ya Isha Mabela nzima ilikuwa imekwisha kupata mtoto. Hamdan alipostaafu, wakaunganisha: amezaa na mfanyakazi, kampuni imemtoa.

Maneno yalipomfikia, nilimwambia, "Niachie niseme ukweli."

"Ukweli upi? Maradhi ya yule mama? Hayo si yetu. Hatuwezi kuyatoa tujisafishie sisi."

"Na jina lako?"

"Wakimtaja mtoto, waulize jina lake. Nimpelekee zawadi ya Idi."

Hakulizungumza tena. Alinyamaza mpaka siku aliyokufa, nyumbani, baada ya Alasiri, na nilikuwa naye.

Muhsina sasa yuko Wete. Nilimpigia simu kumwomba ruhusa, kwa sababu bila ruhusa yake nisingeandika hata mstari. Nadhani alilia kidogo, kisha akasema, "Andika, Bi Afra. Uvimbe si haramu. Na uandike kwamba Bwana Hamdan alijaza vikombe mpaka juu, aibu tupu, kama anawafukuza wale wageni." Nimeandika.

Ninaulizwa kama Muhsina aliolewa. Ninaulizwa yule jirani ni nani, na kama bado namwamkia. Hayo hayamhusu mtu. Mume wangu ameishi na jina safi, amezikwa nalo. Sisemi zaidi.